Mioyo ya Jumatano

Jumatano ile, kama Jumatano nyingine zote za msimu ule, mioyo ya walezi wa Kirongwe ilianza kupanda kabla umande haujakauka majanini.

Namkunda Msangi aliiona ikipanda akiwa mezani kwake mjini, kikombe cha chai mkononi. Kwenye kioo cha kibao chake kila moyo ulikuwa mstari mwembamba wa kijani. Siku nyingine mistari ya Kirongwe ilikwenda kama ya kata yoyote: mpumzishaji, anayelipwa kumkalia mgonjwa, alibisha hodi, mlezi akatoka nje, na mstari wa mlezi ukashuka polepole hadi ukalala. Ukishalala, Mizani ilifungua malipo. Lakini Jumatano mpumzishaji alibisha hodi, mlezi akatoka, na mstari ukapanda kama wa mtu anayefukuzwa na mbwa. Ulipanda mmoja, ukafuata mwingine, mwishowe ikapanda karibu yote ya kata. Na juu ya mioyo hiyo inayokimbia, ankara ziliingia zikidai malipo ya pumziko.

"Bado unaitazama tu?" aliuliza Bwana Ngowi, mkuu wake, akisimama nyuma ya kiti. "Mizani imeshasema. Wewe kazi yako ni kubonyeza."

"Nataka kupanda nikaone, mkuu."

"Ukaone nini? Mlima? Wapare bwana. Hata kesi iliyokwisha mtaitafutia rufaa."

"Na nyie Wachaga hata isiyoanza mtaiuza."

Bwana Ngowi alicheka, akavuta kiti akakaa. Alikuwa mtu mwema, na ndiyo maana maneno yake yalikuwa mazito yalipokuja. "Sikiliza, binti Msangi. Hii ni sura ileile ya shamba la tangawizi. Wewe ndiye uliyetufundisha kuiona. Ukiifumbia macho hapa kwa sababu ni kwenu, nitawaambia nini watu?"

Namkunda aliweka kikombe chini. Ni kweli yeye ndiye aliyewafundisha.

Nchi ilikuwa imekubali, baada ya mabishano marefu, kwamba anayemuuguza mtu wake nyumbani naye ana haki ya kupumzika kwa gharama ya Mfuko wa serikali. Mgonjwa, mlezi na mpumzishaji, kila mmoja alibandikwa punje nyuma ya sikio, ndogo kama ya mtama. Punje haikusikia maneno wala haikuona sura. Ilisikia damu tu, ikipita kwa kasi au kwa utulivu. Mizani, mtambo uliosoma punje zote za wilaya, uliuliza swali moja: je, mwili wa mlezi umetulia? Ukitulia, mpumzishaji analipwa. Usipotulia, kuna mtu anadanganya.

Mwaka uliotangulia, katika kata ya mbali, Namkunda aliona mioyo ya walezi ikipanda saa za pumziko. Wenzake walidhani punje zimeharibika. Yeye alikwenda kwa miguu na kuwakuta walezi wameinama kwenye matuta ya tangawizi ya Bwana Semboja, mwenye kikundi cha wapumzishaji kilichoitwa Tulizo la Milimani. Waliambiwa kwamba asiyelima hatapewa mtu wa kumkalia mgonjwa wake. Mfuko ulikuwa ukimlipa Semboja awapumzishe, naye akiwalimisha bure. Kikundi kilifungiwa, na jina la Namkunda likasomwa redioni. Mama yake, mwanamke asiyependa makuu, alisimama jikoni na mwiko mkononi hadi habari zikaisha, kisha akamwita jirani aje kusikia marudio. Tangu siku hiyo Namkunda alitembea mjini kifua mbele, na hakuona sababu ya kukirudisha nyuma.

Sasa kibao kilimwonyesha sura ileile, na chini yake vitufe viwili: UDANGANYIFU na KOSA LA MTAMBO. Akibonyeza cha kwanza, kikundi cha Kirongwe kingefungiwa, na walezi wa huko wangerudi kukaa ndani na wagonjwa wao usiku na mchana, kwa maana hakuna kikundi kingine kilichokuwa tayari kupanda mlima ule. Akibonyeza cha pili, mtambo ungejifunza kwamba mioyo kama hiyo ni hitilafu, na usingewahi kuiuliza tena, popote.

"Una hadi jua kuzama," alisema Bwana Ngowi. "Likizama hujabonyeza, kesi inakwenda Baraza la Wazi. Na huko anayesimama ni wewe, siyo Mizani."

*

Gari la ofisi lilimshusha mahali barabara ilipokata tamaa. Alipanda kwa miguu katikati ya migomba, akimtafuta mlezi mmoja aitwaye Nanzia, ambaye moyo wake ndio uliopanda kuliko wote. Aliamua kuanzia nyumbani kwake. Kule kwenye tangawizi alikuwa amemkuta babu mmoja amefungiwa peke yake gizani, amelowa, na mpumzishaji wake hayupo. Alipofika mlangoni pa Nanzia alisikiliza kwanza.

"Hodi."

"Karibu, ila viatu viache huko. Nimetoka kupiga deki."

Chumba kilinukia sabuni na makande. Mwanamume wa makamo aliketi kwenye kiti chenye mito pande zote, karata zimepangwa mbele yake kwenye sinia. Huyo alikuwa Togolani, mdogo wake Nanzia, aliyeanguka kutoka juu ya paa alilokuwa akiliezeka na tangu hapo miguu ikamgomea, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Pembeni yake alikaa mama mnene mwenye mikono ya mtu aliyebeba mengi, Naetwe Mchome, kiongozi wa wapumzishaji wa Kirongwe. Punje yake ilikuwa mahali pake. Ya Togolani pia.

"Huyu ni wa serikali," alisema Togolani. "Ametazama sikio langu... kabla ya uso."

Namkunda aliona haya, maana ni kweli. Akamsalimia upya, kwa mkono.

"Usimhurumie, anaiba karata," alisema Naetwe. "Togo, mwambie mgeni ulichofanya na ile karata ya malkia wa kopa."

"Sijui... habari hiyo."

"Ameikalia. Mtu hatembei lakini karata zinatembea."

Togolani alicheka hadi Naetwe ikabidi amfute mdomo. Alimfuta bila kukatisha mazungumzo, kama mtu anavyojifuta mwenyewe. Namkunda aliyaona hayo yote, na bado hayakumsaidia. Mgonjwa alikuwa salama. Lakini swali la Mizani lilikuwa juu ya mlezi.

"Mama Naetwe, Nanzia yuko wapi?"

"Ndivani."

"Anafanya nini?"

"Anabeba mawe," alisema Naetwe, na hakushusha macho. "Leo msaragambo, kazi ya pamoja. Kila mwenye nguvu yuko huko."

Namkunda alikaa kwenye kigoda. Hakutegemea kuambiwa waziwazi namna hiyo. "Unajua kwamba saa hizi unalipwa ili yeye apumzike?"

"Najua."

"Na unajua mimi ni nani?"

"Wewe ndiye wa tangawizi," alisema Togolani. "Tulikusikia redioni. Naetwe... alikupigia makofi."

"Nilikupigia," alikubali Naetwe. "Na leo nakwambia nenda ukaone mwenyewe, kisha uamue. Mimi sitakuelekeza cha kusema, nisije nikaonekana nimekupangia."

Namkunda alipokuwa akivaa viatu, Togolani alimwita. Alichukua muda kuyakusanya maneno.

"Dada anapumzika mbali na mimi," alisema. "Lakini na mimi... napumzika mbali na dada. Hilo hamlipimi."

*

Alizisikia sauti kabla hajawaona watu. Ndiva ya Kirongwe, bwawa lililochimbwa na mababu kukusanya maji ya kijito na kuyagawa mashambani, ilikuwa imebomoka ukingo kwa mvua za masika. Watu wa kata nzima walikuwa wametapakaa juu yake, wengine ndani ya tope hadi magotini, wengine wamejipanga mstari wakipokezana mawe kutoka bondeni. Palikuwa na kelele, matusi ya utani, na mtu mmoja mwenye baragumu aliyedai kusimamia ingawa hakuna aliyemsikiliza.

Nanzia alikuwa katikati ya mstari, kanga imefungwa kiunoni, jasho likimchuruzika. Alipokea jiwe, akalipitisha, akapokea jingine. Alipoambiwa mkaguzi amefika alimkabidhi jirani jiwe alilolishika, akajifuta mikono mapajani, akaja.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umepanda na viatu hivyo? Pole."

"Nimekuja kwa ajili ya punje yako, mama."

"Inasema nini?"

"Inasema hupumziki."

Nanzia aligusa nyuma ya sikio kama anayepapasa kidonda. "Ni kweli. Leo jiwe la kwanza tu lilitaka kuning'oa bega."

"Nani alikuambia uje hapa?"

"Nimekuja mwenyewe."

Namkunda alimtazama vizuri usoni. Hayo ndiyo maneno aliyoambiwa na kila mwanamke kwenye matuta ya tangawizi. Nimekuja mwenyewe. Walikuwa wamefundishwa kuyasema, na waliyasema vizuri, wengine wakitabasamu. Maneno hayakuwa ushahidi.

"Mama Naetwe hakukuambia kwamba usipokuja hatamkalia Togolani?"

"Naetwe?" Nanzia alitaka kucheka, kisha akaona uso wa binti na akaacha. Akamvuta kando, wakakaa kwenye ukingo mahali pakavu. "Ngoja nikueleze. Hapa kila nyumba inatoa mtu wa msaragambo. Ndivyo maji yanavyogawanywa: nyumba iliyofanya kazi ina zamu yake na ina sauti kwenye kikao. Isiyotoa mtu inatozwa. Sasa Togo alipoanguka nikawa siwezi kutoka. Unajua watu walifanya nini?"

"Waliwatoza?"

"Afadhali wangenitoza. Walinisamehe." Alilitamka neno hilo kama linalonuka. "Baragumu likipigwa, napita dirishani naona watu wanashuka, na mtu ananipungia mkono: kaa tu dada, wewe umesamehewa. Maji nilipewa. Jioni kabisa, yakiwa tope, lakini nilipewa. Kwenye kikao nikisema jambo wananisikiliza kwa upole kisha wanaendelea. Miaka yote hiyo, mwanangu. Mtu akisamehewa kila kitu, anakuwa kama hayupo."

Upande wa pili wa ndiva mtu aliteleza akakalia tope, na kicheko kikazunguka bwawa zima.

"Naetwe alipoanza kuja, siku ya kwanza nililala. Ya pili nikalala. Nikalala hadi nikachoka kulala. Kisha likapigwa baragumu siku yuko kwangu, nikamwambia nakwenda. Akaniambia, nenda. Na wenzangu wenye wagonjwa wakaniona napita, wakatoka. Sasa Jumatano zote tumeomba wapumzishaji waje asubuhi. Hiyo ndiyo hila yetu yote."

Namkunda alitazama jua. Lilikuwa limeshavuka kichwa. Alishusha sauti. "Mama, naweza kubonyeza kitufe kinachosema punje zimekosea. Hakuna atakayefungiwa. Hakuna atakayewauliza tena. Mtaendelea hivihivi."

Alidhani anampa zawadi. Nanzia alisimama na kuwageukia wenzake.

"Jamani, njooni msikie. Mkaguzi anasema anaweza kuandika kwamba hatukubeba mawe. Ni mtambo umeota."

Mstari ukakatika. Watu wakasogea na tope lao.

"Yaani tangu asubuhi mgongo wangu hivi, iandikwe sikuwepo?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Ni kuwasaidia," alisema Namkunda.

"Huo si msaada, ni msamaha mwingine," alisema Nanzia. "Tena huu unatufuta kabisa. Mimi nimebeba. Kama ni kosa, niandikiwe kosa, nijibu. Kama si kosa, isemwe si kosa, mbele za watu."

"Kesi," alisema mwenye baragumu kwa furaha iliyokuwa dhahiri. "Iende kesi. Mimi nina ng'ombe, nitauza nauli ipatikane."

"Wewe hujabeba hata jiwe moja, keti chini."

*

Namkunda alibaki peke yake kwenye ukingo, kibao mapajani. Wao walirudi kazini, yeye akarudi kwenye kazi yake. Alifungua mistari ya zamani ya shamba la tangawizi akaiweka juu, na mistari ya ndivani, iliyokuwa hai wakati huohuo, akaiweka chini.

Mwanzoni aliona sura moja, kama Mizani ilivyoiona. Mioyo iliyopanda, mwendo wa kazi ngumu, muda mrefu. Kisha akaacha kutazama mahali ilipopanda na kuanza kutazama mahali iliposhuka.

Ya tangawizi haikushuka. Ilianza pamoja kama iliyokatwa kwa kisu, ikaenda, ikaisha pamoja. Katikati hapakuwa na moyo hata mmoja uliolala. Hapakuwa na aliyechelewa. Hapakuwa na aliyeondoka mapema kwa sababu mvua inanyemelea nguo zake kwenye kamba. Mwaka uliopita alikuwa ameuona usawa huo na kudhani ni bidii ya hofu, lakini hakuwa na cha kuulinganisha nao.

Ya ndivani ilikuwa vurugu. Mmoja ulianza wakati wengine wameshafika nusu. Mmoja ulikuwa umelala kabisa, na Namkunda alipoinua macho akamwona mwenyewe: mama aliyejinyoosha chini ya mti, kanga usoni, huku mawe yakipita hatua chache kutoka miguuni pake na hakuna anayemsemesha. Wa Nanzia ulishuka, ukakaa, kisha ukaruka ghafla. Namkunda alitazama. Nanzia alikuwa amekaa juu ya jiwe, akimsimulia mtu jambo, wote wawili wameshika mbavu kwa kicheko.

Watu wenye hiari hawana mpangilio, aliwaza. Anayeweza kuacha, huacha mara kwa mara, kisha anarudi.

Alimpigia Bwana Ngowi, akamweleza. Mkuu alisikiliza hadi mwisho.

"Vizuri sana," alisema. "Sasa uufundishe mtambo hivyo. Moyo ukishuka katikati, hiyo ni hiari, ulipe. Unajua kesho mtu kama Semboja atafanya nini? Atapiga filimbi kila baada ya muda, walimaji wake wakae chini wapumue, wainuke tena. Na Mizani itamlipa kwa adabu."

Namkunda aliitazama mistari tena. Alijua ni kweli. Chochote ambacho Mizani ingefundishwa, kingefundishika pia kwa mwizi.

"Basi jambo hili si la Mizani," alisema hatimaye. "Mizani ituite tu. Kujibu tujibu watu."

"Unataka Baraza."

"Wao ndio wanalitaka. Na mimi nalitaka."

"Binti Msangi." Sauti ya Bwana Ngowi ilibadilika. "Baraza ni la wazi. Semboja atakuja. Atasema, mkaguzi huyuhuyu alinifungia mimi kwa sababu walezi walifanya kazi, na leo anawatetea wengine waliofanya kazi. Ataomba kesi yake ifunguliwe upya. Na ile kesi ndiyo jina lako. Umelifikiria hilo?"

Alilifikiria. Alimfikiria mama yake na mwiko wake, na watu wa sokoni waliomwita kwa jina tangu siku ile. Alilipenda jina hilo kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Lakini kama lilikuwa jina la kweli, lingestahimili kuulizwa.

"Nimelifikiria, mkuu. Nitasimama."

Kibao kilimuuliza mara ya mwisho, na vile vitufe viwili vikameremeta. Jua liligusa kilima cha magharibi. Namkunda aliweka mikono yote miwili magotini, akaiacha hapo hadi vitufe vikazimika.

Huku nyuma, watu walikuwa wameshaanza kugombana juu ya nani atakwenda kuwa shahidi.

*

Baraza liliketi katika ukumbi wa wilaya, na Kirongwe ilishuka nzima. Togolani alibebwa kwenye kiti chake na vijana waliobadilishana mabega, akiwakosoa njia nzima. Naetwe, ambaye malipo yake yalikuwa yamesimamishwa, alivaa gauni la harusi ya binti yake. Bwana Semboja naye alikuja, suti ya kijivu, na nyuma yake wanawake watatu wa tangawizi aliowaleta wamtetee. Walikaa wamebana magoti.

Mwenyekiti alikuwa mwanamke mkavu aitwaye Bi Kilango. Alimsikiliza Namkunda bila kumkatiza. Namkunda hakuwa na mazoea ya kuongea mbele za watu. Lakini alisema alichokiona, tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na lile la filimbi, kwamba mtambo hauwezi kulitofautisha. Hakuficha pengo la hoja yake.

Semboja alisimama akitabasamu. "Mheshimiwa, mkaguzi amenisaidia. Kazi ni kazi. Wangu walilima kwa hiari, wao walibeba mawe kwa hiari. Waulizeni."

Aliwainua wanawake wake. Mmoja baada ya mwingine walisema, nilikwenda mwenyewe.

Bi Kilango alimgeukia Namkunda. "Una swali kwao?"

"Moja tu." Alimtazama mwanamke wa mwisho, ambaye alikuwa wa rika la mama yake. "Mama, siku ulipochoka katikati ya kazi, ulifanya nini?"

Lilikuwa swali dogo. Mwanamke yule alifungua mdomo. Kisha, kabla hajasema neno, macho yake yalikwenda kwa Bwana Semboja, yakakaa hapo, yakisubiri.

Hakuna mtambo ambao ungeyasoma macho yale, lakini ukumbi mzima uliyasoma. Semboja aliacha kutabasamu. Mwanamke aligundua alichofanya, akainamisha kichwa, na mwenzake aliyekaa karibu akamshika mkono.

"Keti, mama," alisema Bi Kilango kwa upole. "Umeshajibu." Kisha akasema, "Mlezi wa Kirongwe."

Nanzia alisimama. Hakushika meza.

"Swali ni lilelile. Ukichoka katikati ya kazi, unafanya nini?"

"Nakaa," alisema Nanzia. "Nikishakaa nawasema wanaobeba vibaya."

"Kweli tupu," ilisema sauti kutoka nyuma, na watu wakacheka, na hata karani akatabasamu.

Bi Kilango alingoja kicheko kiishe. "Lakini sheria inasema pumziko, mama. Jumatano hizo, ulipokuwa ukirudi nyumbani jioni, ulikuwa umechoka?"

"Sana."

"Zaidi ya ulivyochoka ukikaa na mgonjwa?"

Nanzia alifikiri. Togolani alikuwa akimtazama kutoka kwenye kiti chake, na Naetwe naye, na watu wa msaragambo waliojaa mabenchi hadi mlangoni.

"Nikiwa ndani na mdogo wangu nachoka peke yangu," alisema. "Jumatano nilichoka kama watu wengine. Nilifika nyumbani, nikakaa kitandani, mgongo unauma, na ng'ambo nikasikia jirani naye analalamika mgongo unamuuma. Nikafurahi. Nilikuwa sijachoka pamoja na mtu kwa miaka."

Hakuna aliyecheka. Karani alikuwa ameinua kalamu, hajui jibu hilo aliweke chini ya ndiyo au chini ya hapana, akamtazama mwenyekiti.

"Andika kama alivyosema," alisema Bi Kilango. "Na utakaposoma hukumu ya kumlipa Naetwe, anza na hayo."

Namkunda alikuwa bado amesimama. Hakuna aliyemwambia akae, naye hakutaka kukaa.